Kompyuta iliyorudi mwaka 2013 kila asubuhi

Kazi yenyewe ilinichukua asubuhi moja na betri ya shilingi elfu mbili. Kabla yangu, mwenye duka alikuwa ameshalipa mafundi wawili, amehamia laini ya mtandao mwingine akidhani tatizo ni bando, na amepoteza kazi zote zilizokuwa kwenye desktopu. Nakisimulia kisa hiki kwa kirefu, pamoja na mahali nilipojikwaa mwenyewe, kwa sababu dalili zake nimeshakutana nazo mara nyingi kwenye kompyuta za mtumba na karibu kila mara zinasomwa vibaya.

Duka ni la stesheneri, hatua chache kutoka geti la chuo. Fotokopi, kuprinti, kulamineti vyeti, picha za pasipoti, na zaidi ya yote kujaza fomu mtandaoni. Ulikuwa msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi, kwa hiyo duka likifunguliwa tu vijana wameshajipanga nje na bahasha za kaki mkononi. Kompyuta ni mbili, zote za mezani, zote za mtumba, zilinunuliwa siku moja. Moja ni ya kuprinti tu na haigusi mtandao. Nyingine ndiyo ya fomu, na ndiyo iliyokuwa mgonjwa.

Mama mwenye duka alinipa malalamiko matatu kwenye simu. La kwanza, kila asubuhi mtandao unakataa: kurasa nyingi hazifunguki, chache zinafunguka. La pili, mafaili yanapotea; dada wa kaunta anahifadhi kazi ya mteja jioni, kesho yake haioni. La tatu alilitaja wakati tunaagana: stakabadhi wanazoprinti zinatoka na tarehe ya ajabu, wanaikata kwa kalamu na kuandika nyingine pembeni.

"Lakini hilo la tarehe halinisumbui, fundi. Mimi shida yangu mtandao."

Nikamuuliza mafundi waliotangulia walifanya nini. Wa kwanza alibadilisha laini na kuchukua hela yake. Wa pili alibeba kompyuta hadi ofisini kwake, akapiga Windows upya (yaani akaifuta na kuiweka mpya), akairudisha baada ya siku mbili. Siku hiyo ilifanya kazi vizuri mpaka wakafunga duka. Kesho yake asubuhi, yale yale. Simu yake sasa haipokelewi.

Nisimseme vibaya sana mwenzangu. Kupiga Windows ndiyo panado yetu mafundi wa mtaani: mteja akisema kichwa, panado, akisema mgongo, panado. Wakati mwingine inaponya kweli, na hata isipoponya inaonekana ni kazi kubwa, mtu analipa bila kinyongo. Lakini hapa kulikuwa na habari ya bure ambayo hakuisikiliza. Kompyuta iliyopona ikiwa kwake, ikapona siku nzima dukani, kisha ikaugua usiku bila mtu kuigusa, haina ugonjwa wa Windows. Kuna kitu kinatokea usiku.

Nikamwambia mama kesho nitafika kabla hawajafungua, na asiruhusu mtu yeyote kuiwasha kabla sijafika.

Nilitaka kuiona ikiwaka kutoka baridi, na nawashauri wote mnaosaidia ndugu na majirani kufanya hivyo hivyo. Ukikuta kompyuta imeshawashwa, umekuta hadithi katikati. Dada akafungua duka, akainama chini ya meza, akabonyeza swichi ya soketi ukutani, kisha akawasha. Skrini ikawa nyeusi yenye mistari miwili mitatu ya maandishi meupe. Kabla sijamaliza kusoma neno la kwanza, kidole chake kilishapita kwenye kibodi kama mtu anayefukuza nzi, na maandishi yakatoweka.

"Dada, umebonyeza nini hapo?"

"F1. Huwa inaomba F1, basi naipa."

"Tangu lini?"

"Mmh. Kabla ya Pasaka."

"Yule fundi ulimwambia?"

"Hakuniuliza."

Nikamwomba aiwashe upya bila kuipa kitu. Maandishi yakabaki pale yakitusubiri: yalisema kwa Kiingereza kwamba tarehe na saa havijawekwa, na kwamba kumbukumbu ya mipangilio ya mashine haisomeki sawasawa. Ukibonyeza F1 unaiambia, "nimekusikia, endelea hivyo hivyo." Tangu kabla ya Pasaka kompyuta ilikuwa inataja ugonjwa wake kila asubuhi, na kila asubuhi inajibiwa "endelea."

Windows ilipomaliza kufunguka, saa ya kwenye kona ilionyesha 12:04. Saa yangu ya mkononi ilisema saa mbili na dakika tisa asubuhi. Na hapa dada akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Bila kuambiwa, akabofya ile saa, akafuta 12, akaandika 2, akaweka 09, akaacha AM kwa sababu ni asubuhi. Saa mbili na dakika tisa asubuhi: 2:09 AM.

Nisicheke, na wewe usicheke. Anahesabu saa kama mama yake anavyohesabu, jua likichomoza ni saa kumi na mbili na baada ya hapo ni saa moja. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa mbili yetu ya asubuhi kwake ni 8. Kila siku alikuwa anairekebisha saa kwa uaminifu mkubwa na kuiacha nyuma kwa saa sita kamili.

"Kwa nini unairekebisha?"

"Si yenyewe inasema saa imekosewa?"

Akafungua Chrome, akaingia kwenye tovuti ya maombi, na kweli: ukurasa mzima umejaa onyo kwamba saa ya kompyuta iko nyuma. Alikuwa amelisoma na kulielewa. Akairekebisha saa, akajaribu tena, onyo likabaki, naye akahitimisha kama ambavyo mtu yeyote angehitimisha, kwamba onyo ni la uongo. Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu sentensi ya chini yake, kwa herufi ndogo, ambamo Chrome huandika tarehe nzima inayoiona: Tuesday, January 1, 2013, saa 2:09 AM.

Kimya kidogo. Kisha: "Elfu mbili na kumi na tatu? Mimi nilikuwa darasa la tano."

Mwaka hakuwa akiuona kwenye kona ya skrini kwa sababu upau wa chini ulikuwa umewekwa kwenye ukubwa mdogo, na ukiwa mdogo Windows 7 inaonyesha saa peke yake, tarehe inafichwa. Kwenye stakabadhi waliuona, ila fomu ya stakabadhi iko kwenye Excel, hivyo lawama ikaenda kwa Excel. Mambo mawili yaliyotokana na sababu moja yalikaa kwenye duka moja kwa miezi, na hakuna aliyeyakutanisha.

Kwa nini tarehe mbaya iue mtandao? Tovuti yoyote inayoanza na https inakuja na cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kama leseni ya udereva. Kivinjari ndiye askari. Kabla hajakufungulia ukurasa anatazama cheti, kisha anatazama kalenda, na kalenda yake ni saa ya kompyuta yako. Sasa mchukue askari ambaye kalenda yake imegota Januari 2013, umpe leseni iliyotolewa mwezi uliopita. Kwa hesabu yake, hiyo leseni bado haijatolewa. Ni ya kughushi. Anakurudisha, na amefanya kazi yake sawasawa.

Zamani kosa la namna hii lilikuwa linajificha. Vyeti vilikuwa vinadumu miaka miwili, mitatu, hivyo kompyuta iliyo nyuma miezi kadhaa iliweza kupita bila mtu kujua. Septemba 2020 cheti kipya kilizuiwa kuzidi siku 398, vile vya bure vya Let's Encrypt vimekuwa vikidumu siku 90, na mwaka 2025 watoa vyeti na watengeneza vivinjari walikubaliana kushuka hadi siku 200 kuanzia Machi 2026, 100 mwaka unaofuata, na 47 ifikapo Machi 2029. Kila wanapopunguza, kiasi ambacho saa yako inaweza kukosea bila kugundulika kinapungua. Tutegemee kuziona kompyuta nyingi za mtumba zikiletwa na malalamiko ya "mtandao."

Zile kurasa chache zilizofunguka nazo zikajieleza: ni za kizamani, bado zinatumia http tupu, haziulizwi cheti. Nilipounganisha simu yangu kwenye hotspoti ile ile inayoilisha kompyuta, tovuti ya maombi ikafunguka papo hapo. Jaribio hilo la simu ni la nusu dakika, na lingemwokoa mama hela ya laini mpya. Mtandao ule ule, kifaa kingine, ukurasa ule ule: ukifunguka, acha kuulaumu mtandao.

Mafaili "yaliyopotea" tuliyakuta yote. Kabrasha la kazi za wateja kwenye diski D lilikuwa limepangwa kwa tarehe, mapya juu, na dada alizoea kuangalia mistari mitano ya kwanza. Kila alichohifadhi kilipewa Januari 2013 na kuzama chini kabisa, chini ya kazi za miaka yote. Tukashuka hadi mwisho wa orodha: CV, barua za maombi, kadi za mchango wa harusi, vyote vipo, vyote vimezaliwa siku moja. Nyingine alikuwa amezichapa upya mara mbili.

Sasa jambo la usiku. Ndani ya kompyuta, kwenye mazabodi (ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote), kuna kisaa kidogo kinachoendelea kuhesabu hata mashine ikiwa imezimwa. Kinaendeshwa na kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na umeme wake usiku unatoka kwenye betri bapa kama sarafu, CR2032. Namba hiyo si ya kubahatisha: milimita 20 upana, milimita 3.2 unene, volti 3. Ni ile ile iliyomo kwenye rimoti za magari mengi na mizani ndogo za jikoni. Mashine ikiwa imechomekwa kwenye umeme, hata ikiwa imezimwa, kisaa kinakula umeme wa ukutani na betri inapumzika. Ukizima soketi, betri inabeba mzigo peke yake.

Na dukani kwa mama, kila jioni soketi zote zinazimwa. Kwa fundi wa pili kompyuta ilikaa siku mbili kwenye waya usiozimwa, saa ikakaa sawa, akaamini amemaliza. Ikarudi dukani, ikazimwa jioni, betri iliyokufa ikashindwa kubeba usiku mmoja, asubuhi mashine ikaamka na tarehe ya kuzaliwa ya programu yake ya ndani. Windows mpya haina la kufanya hapo. Inaamka inauliza ni tarehe ngapi, inaambiwa 2013, inakubali.

Nilichomoa waya wa umeme kabisa, nikabonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, nikafungua ubavu wa lile boksi tunaloliita sipiyu. Vumbi la miaka. Betri imelala kwenye kikombe chake na kijibana upande mmoja. Unasukuma kijibana kwa bisibisi bapa ndogo, inaruka yenyewe. Nikaiweka kwenye mita: volti 1.4.

Kosa langu la siku ndilo hili. Nilimtuma kijana wa jirani akaninunulie betri kwa muuza rimoti, akaleta moja iliyotolewa kwenye pakiti iliyokwisha kufunguliwa, nikaipachika moja kwa moja kwa haraka ya foleni iliyokuwa nje. Mkono ukasita, nikaitoa, nikaipima: volti 2.6. Mpya nzuri inasoma 3.2 hivi. Ile ingedumu wiki chache na mimi ndiye ningekuwa fundi wa tatu asiyepokea simu. Nikaenda mwenyewe kwa fundi saa, nikapima tatu mbele yake, nikachukua iliyosoma 3.24 kutoka kwenye karatasi yake iliyofungwa. Kama huna mita, angalau chukua iliyo kwenye pakiti isiyoguswa. Usikubali LIR2032 eti "hii ya kuchaji ni bora". Ni aina nyingine yenye volti nyingine.

Ile mbovu niliiviringisha kwa selotepu nikaondoka nayo. Mtoto mdogo akimeza betri ya namna hii inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili, kwa hiyo haikai kwenye droo ya duka wala haitupwi sakafuni. Ukihisi mtoto kameza, ni hospitali moja kwa moja, usisubiri uone.

Baada ya betri, niliingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine (kwenye hii ilikuwa F2, nyingine ni Delete), nikaweka tarehe na saa, nikahifadhi. Sikugusa kingine chochote humo, hasa mpangilio wa diski. Ukiubadilisha bila sababu Windows inaweza kukataa kuwaka, na hapo utalazimika kupiga Windows kweli.

Ndani ya Windows nikafungua sehemu ya tarehe, kwenye kichupo cha saa ya intaneti, nikaibonyeza ijisawazishe na seva ya saa ya mtandaoni. Saa ikaruka kutoka 10:40 AM hadi 12:40 AM. Dada akanitazama kama nimeivunja. Kumbe mwenzangu alipopiga Windows aliacha ukanda wa saa wa Pasifiki, Marekani, ambao ndio unakuja wenyewe ukipitisha hatua zile kwa Enter, Enter, Enter. Miezi ile walikuwa nyuma yetu kwa saa kumi. Ukanda wetu kwenye orodha umeandikwa (UTC+03:00) Nairobi. Usitafute Dar es Salaam, haimo. Nikauchagua, saa ikatulia mahali pake.

Mtu atauliza: kama Windows inaweza kuchukua saa kutoka mtandaoni, kwa nini haikujirekebisha siku zote hizo? Kwanza, kompyuta ya kawaida kama hii inajisawazisha mara moja tu kwa wiki. Pili, na ndilo kubwa, imewekewa mpaka: tofauti ikizidi sekunde 54,000, yaani saa 15, inakataa, kwa kudhani seva ndiyo inayodanganya. Inaweza kusahihisha dakika na saa chache. Miaka kumi na kitu haiwezi. Ndiyo maana unaanza wewe kwa mkono, tarehe na mwaka, kisha unaiachia imalizie.

Jaribio la kweli halikuwa kufungua tovuti. Tovuti ilishafunguka, hata kwa fundi wa pili ilifunguka. Tulizima kompyuta, tukazima soketi, nikanywa chai ya mama na chapati mbili, nusu saa ikapita. Tukawasha. Hakuna skrini nyeusi yenye maandishi meupe, hakuna F1, saa sahihi. Foleni ikaingia.

Kuna mawili yalibaki. Nilipokuwa nasubiri niliona kwenye desktopu kivinjari cha zamani kilichokuja na Windows, nikauliza ni cha nini. "Hicho kinakubali ukilazimisha," dada akasema. Chrome ilipomgomea aligundua kwamba kile kingine kinatoa onyo la cheti lakini kina mstari wa kuendelea hata hivyo, na kwa baadhi ya tovuti alikuwa anaubofya na kuingiza namba na nywila za wanafunzi humo humo. Hakukuwa na dalili ya wizi wowote, na kosa lilikuwa la saa tu. Ila mkono uliozoea kubofya "endelea" siku ambayo onyo ni la saa utabofya pia siku ambayo kuna mtu kweli katikati ya njia. Nilikiondoa kwenye desktopu, na nikamwomba mama awapigie wateja aliowakumbuka wabadilishe nywila. Aliwapigia wangapi sijui, aliguna.

La pili ni Windows 7 yenyewe. Msaada wake uliisha Januari 2020 na Chrome iliacha kuiletea matoleo mapya mwaka 2023. Nilimwambia, akasema msimu ukiisha. Sawa, msimu uishe. Kuhusu soketi nilimwambia aendelee kuzizima kila jioni. Betri ya elfu mbili kila baada ya miaka michache ni nafuu kuliko umeme unaorudi kwa nguvu usiku wa manane ukakuta kila kitu kimechomekwa.

Kazi za kwenye desktopu hazikurudi. Zilifutwa pale Windows ilipopigwa, na ndizo zilizomuuma mama kuliko hela: violezo vya kadi alivyovitengeneza mwenyewe.

Nikiwa mlangoni nikakumbuka kwamba kompyuta zilinunuliwa siku moja. Nikarudi, nikamwomba dada aiwashe ile ya kuprinti, ambayo haijawahi kulalamikiwa na mtu. Skrini nyeusi, maandishi meupe. Kidole chake kikaanza kwenda kwenye F1, kikasimama hewani.

"Kumbe na hii," akasema.